Mwili usiojua kwamba ajali imekwisha: falsafa ya yoga na uzingativu katika kutibu kiwewe

Basi limepinduka, watu wamekufa, na abiria mmoja ametoka na mkwaruzo tu mkononi. Miezi sita baadaye amepanda daladala. Dereva anakanyaga breki ghafla, na kabla abiria huyu hajawaza lolote, moyo unamwenda mbio, viganja vimelowa jasho, masikio yanavuma, naye anataka kushuka hata gari halijasimama. Ukimuuliza, atakujibu vizuri kabisa kwamba hii ni daladala, si basi lile. Yeye anajua. Mwili wake haujui. Hali hiyo ndiyo inayoitwa kiwewe.

Ndiyo maana kumwambia mtu "hayo yamepita, sahau" hakumsaidii. Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo amigdala hupima hatari kwa kasi kuliko sehemu ya mbele inayofikiri na kupanga. Sehemu nyingine, hipokampasi, hulipatia tukio mahali na wakati wake: ilikuwa pale, ilikuwa siku ile, imekwisha. Hofu ikizidi kipimo, kazi hiyo ya pili huvurugika. Kumbukumbu hubaki vipande vipande: harufu ya dizeli, mlio wa kioo, uzito wa mtu kifuani. Vipande hivyo havina tarehe. Breki ikilia leo, kipande kimoja kinaamka na mwili unaitikia kana kwamba ajali inatokea sasa hivi. Huitikia kwa kupigana au kukimbia, na pale njia zote mbili zinapokuwa zimefungwa, kwa kuganda. Aliyeganda mara nyingi haonekani kuwa na shida. Ametulia, anajibu kwa sauti ya chini, na ndani hahisi chochote, hata miguu yake mwenyewe.

Yoga na uzingativu, yaani kuelekeza fikra kwenye kinachotokea sasa bila kukihukumu, vina nafasi hapa kwa sababu vinaanzia mwilini, mahali kiwewe kilipojificha. Lakini sababu inayotajwa mara nyingi, kwamba yoga "inatuliza", haitoshi. Utulivu huja na kuondoka. Kinachoponya ni mambo mawili: mtu kuhisi tena kinachoendelea mwilini mwake kwa kiasi anachoweza kukibeba, na mtu kuamua tena mwili huo ufanye nini. Kiwewe kilimnyang'anya yote mawili. Zoezi lisiloyarudisha ni la kunyoosha viungo tu, na zoezi linalomnyima uamuzi linaweza kumrudisha kulekule alikotoka.

Alichosema Patanjali, na pale tunapolazimika kumgeuza

Kitabu kinachotegemewa zaidi katika falsafa ya yoga ni Yoga Sutra ya Patanjali, mwanafalsafa wa kale wa India; ni mkusanyo wa semi fupi 195 au 196 kutegemea nakala. Hakizungumzii kiwewe kama tunavyokielewa leo. Ugonjwa wa kiwewe (PTSD) wenyewe uliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Basi tusimlishe Patanjali maneno. Hata hivyo, baadhi ya semi zake zinaeleza hali ya mtu wa kwenye daladala kwa usahihi wa kushangaza.

Usemi wa 2.16, yaani wa 16 katika sura ya pili, unasema kwamba mateso ya kuepukwa ni yale ambayo hayajafika. Vyasa, aliyeandika ufafanuzi wa kale wa kitabu hicho, anaeleza kwamba mateso yaliyopita yameshaonjwa na kwisha, na yaliyopo sasa yanaonjwa tayari. Yaliyobaki mikononi mwetu ni ya mbele tu. Kwa aliyenusurika hilo linabadilisha kazi nzima. Hatakiwi kuifuta ajali wala kuisimulia upya kila siku. Anajiandaa kwa breki ya kesho.

Kumbukumbu nayo imetajwa katika sura ya kwanza kuwa moja ya miendo mitano ya akili, pamoja na ujuzi wa kweli, ujuzi wa makosa, dhana tupu na usingizi. Haikuitwa kasoro wala adhabu. Kila tukio huacha alama, samskara, na alama ikiguswa huleta itikio lilelile, ambalo nalo huichimba alama zaidi. Kati ya vyanzo vitano vya mateso anavyovitaja, viwili vinamhusu sana mtu wetu: dvesha, ule mchukio unaofuata maumivu, na abhinivesha, hofu ya kufa, ambayo usemi wa 2.9 unasema hutiririka hata ndani ya mwenye hekima. Hilo la mwisho lingefaa kusomwa kwa kila mtu anayeambiwa kwamba anaogopa kwa sababu ana imani haba.

Sasa linakuja fundo lenyewe. Usemi wa 2.17 unasema chanzo cha mateso hayo ni mwonaji, yaani nafsi inayotazama, kuungana na kinachoonwa, yaani mwili, hisia na mawazo. Hapo walimu wengi huchota zoezi la kujitazama: badala ya kusema "mimi ni mwoga" mtu anasema "kuna hofu, iko kifuani." Kwa anayefurikwa na hisia, zoezi hili ni msaada mkubwa. Lakini yule aliyeganda tayari ametengana na mwili wake, bila kupenda. Anaweza kujiona kama yuko darini anatazama chini. Ukimfundisha huyu kujitazama kwa mbali, unamzidishia ugonjwa. Pratyahara, kiungo cha tano kati ya vinane vya yoga, ambacho ni kuziondoa hisi kwenye vitu vya nje, ina hatari hiyohiyo. Kwa mtu wa kiwewe tunaanza kinyume: macho wazi, masikio wazi, hakikisha kwamba chumba hiki ni cha leo. Kwanza arudi mwilini, kujitazama kutafuata. Walimu waliohifadhi vitabu neno kwa neno ndio wanaokosea zaidi hapa, kwa kuwa wanafuata mpangilio ulioandikiwa mtu mwingine.

Kuna sehemu ambazo hazihitaji kugeuzwa. Kiungo cha kwanza, yama, kinaanza na ahimsa, kutodhuru, na kutodhuru huko kunahusu pia namna unavyoutendea mwili wako juu ya mkeka. Mikao, ambayo leo watu hudhani ndiyo yoga yote, imepewa semi tatu tu, na wa kwanza wao unataka mkao uwe thabiti na wenye raha. Sharti ni yote mawili. Uthabiti bila raha ni kujikaza, na kujikaza mwili wa kiwewe unakujua tayari.

Uzingativu wa kitabibu una asili nyingine, mafundisho ya Kibuddha ya kutafakari mwili, hisia, akili na mambo yanayopita akilini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliutengenezea programu, ambayo baadaye ilizoeleka kuwa ya wiki 8, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wa maumivu sugu na msongo. Haikubuniwa kwa ajili ya kiwewe. Chenye faida kubwa kwetu ni vedana: kabla akili haijatunga kisa, mwili huwa umeshasema jambo hili linapendeza, linachukiza, au halina ladha. Anayejifunza kulinasa neno hilo la kwanza hupata nafasi ndogo kabla ya hofu kushika usukani.

Utafiti umeonyesha nini

Jaribio linalotajwa zaidi lilichapishwa mwaka 2014 na Bessel van der Kolk na wenzake huko Marekani. Wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa sugu licha ya matibabu waligawanywa makundi mawili: moja likapata saa moja ya yoga iliyorekebishwa kwa ajili ya kiwewe kila wiki kwa wiki 10, jingine likapata mafunzo ya afya ya wanawake kwa muda huohuo. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya 6 kati ya 29. Makundi yote yalipata nafuu mwanzoni. Lile la mafunzo lilirudi nyuma baadaye.

Matokeo mazuri, kundi dogo. Mwaka mmoja baadaye, jaribio la maveterani 116 lilionyesha kwamba uzingativu wa wiki 8 ulipunguza ukali wa dalili kuliko kundi la mazungumzo lililolinganishwa nao, lakini idadi ya walioondokewa kabisa na ugonjwa haikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Kwa ushahidi huu, anayeuza yoga kama dawa inayojitosheleza anazidisha.

Zoezi lenyewe, dakika kumi

Tumia kiti chenye mgongo, kikiwa kimeegemea ukuta na mlango ukiuona. Taa iwake au dirisha liwe wazi. Mwambie mtu wa nyumbani asiingie ghafla. Kama usiku ndio wenye jinamizi, fanya mchana. Siku nne au tano kwa wiki zinatosha, na dakika kumi zinashinda saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu mwili hujifunza kwa kurudia kidogo kidogo.

Dakika mbili za kwanza ni za kutazama. Geuza kichwa polepole, macho yakitangulia, utaje vitu vitano na rangi zake. Kisha tafuta kitu kimoja ambacho hakikuwepo wakati wa tukio: kalenda ya mwaka huu, sare mpya ya mtoto, simu uliyonunua juzi. Taja tarehe ya leo kwa sauti. Inaonekana ni hatua ya kitoto, na wengi huiruka. Ndiyo hasa inayozipa tarehe zile kumbukumbu zisizo na tarehe.

Halafu miguu. Kandamiza nyayo zote mbili sakafuni kwa sekunde tano, achia, rudia mara tano. Jiulize: nahisi nini, na wapi? Joto, uzito, kubana, ganzi. "Sihisi kitu" ni jibu kamili, wala usilitafutie tiba siku hiyo. Usijiulize kwa nini unahisi hivyo. Swali la kwa nini linakurudisha kwenye kisa, na hapa tuko kwenye nyayo. Kama miguu ndiyo iliyoumia, tumia viganja kwa kuvisugua.

Hatua ya tatu ndiyo kiini, ipe dakika tatu au nne. Inua mkono mmoja au yote miwili, hadi begani au juu zaidi. Amua wewe. Fika nusu, simama, kisha ubadili uamuzi: shusha, au geuza kiganja. Rudia mara nne hadi sita, kila mara ukichagua kitu kabla ya kukifanya. Hakuna mkao wa kufikia. Sekunde ile ya kuchagua ndiyo zoezi; mkono ni chombo tu. Kisha simama umbali wa mkono kutoka ukutani, weka viganja, sukuma kwa nusu ya nguvu zako kwa sekunde tano hadi kumi, mara tatu. Aliyezoea kuganda hunufaika sana na hatua hii, kwa sababu anahisi misuli ya mapaja na mgongo ikifanya kazi chini ya amri yake.

Pumzi huja baada ya hapo, na ni hiari. Vuta kwa hesabu ya tatu au nne, toa kwa hesabu ya tano au sita, midomo ikiwa imebana kidogo kama anayepoza chai, mara sita hadi nane. Moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi, kwa kazi ya neva ya vegasi, ndiyo maana kutoa kunarefushwa. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kubwa kubwa kwa nia ya kutulia. Ukifanya hivyo unapoteza kabonidayoksaidi nyingi, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinachonyota, na dalili hizo zinafanana kabisa na hofu yenyewe. Aliyekabwa koo, aliyezama majini, aliyelaliwa na watu, au mwenye pumu asianze na pumzi. Ahesabu sauti anazozisikia nje.

Dakika ya mwisho, tazama chumba tena, taja sauti tatu, kisha useme utakachofanya ukiinuka: kunywa maji, kufagia, kumpigia dada.

Muda wote pima usumbufu kwa namba kutoka 0 hadi 10. Ukifika 6, rudi kwenye kutazama. Hisia mbaya ikitokea kabla ya hapo, kaa nayo kwa pumzi mbili au tatu tu, halafu peleka fikra kwenye nyayo, kisha ukitaka rudi. Kwenda na kurudi huku ndiko kunakoongeza uwezo wa kubeba. Kung'ang'ania peke yako ndani ya hofu mpaka "iishe" si lengo la zoezi hili.

Pale mambo yanapoharibika

Kufumba macho ni tatizo la kwanza, kwa kuwa giza huachia picha nafasi. Kuupitia mwili wote kwa fikra, sehemu baada ya sehemu, kwa dakika 45, ni tatizo la pili: fikra zitafika tumboni au nyongani, na kwa aliyebakwa huko hakuendeki bila maandalizi. Savasana, ule mlalo wa chali wa kufungia darasa, ni mgumu kwa watu wengi kuliko walimu wanavyodhani. Kulala ubavu au kukaa ukiegemea ukuta kunafaa vilevile. Mikao ya kupanua nyonga na ile ya kupiga magoti na viganja chini inaweza kuamsha kumbukumbu kwa umbo lake tu. Mwalimu anayepita nyuma ya watu, anayezima taa, au anayesahihisha mgongo kwa mkono wake bila ruhusa anafanya jambo ambalo kwa mnusurika mmoja darasani linaweza kuwa shambulio. Kumwambia "kama hupendi, sema" hakutoshi, kwa sababu aliyeganda hawezi kusema. Pumzi za kasi, kapalabhati na bhastrika, pamoja na kubana pumzi kwa muda mrefu, ziachwe. Vivyo hivyo makambi ya kimya ya siku 10 kwa mtu ambaye bado anapata usingizi wa muda wa saa tatu tu kila usiku.

Dalili kwamba mtu anaondoka mwilini ni macho kuganda sehemu moja, sauti kuwa kama zinatoka mbali, mikono kuonekana si yake, na dakika kupotea bila kujua zimekwenda wapi. Hapo hakuna kuendelea na pumzi. Asimame, ataje jina la mahali na tarehe, anawe uso kwa maji ya baridi, atembee. Akianza mazoezi na ndoto mbaya zikaongezeka, apunguze muda kwa nusu. Zisipopungua, aache hatua za ndani abaki na kutazama na kutembea, na amweleze anayemtibu.

Falsafa nayo hudhuru ikitumiwa vibaya, na huu ndio uharibifu usioonekana. Vairagya, kutong'ang'ania, hugeuzwa kuwa amri ya "achilia" kwa mtu ambaye hajawahi kusikilizwa. Ahimsa hutumiwa kumkataza hasira, ilhali hasira kwa aliyeganda mara nyingi ni ishara kwamba uhai unarudi. Baya kuliko yote ni karma: kumwambia mwathirika kwamba alitendewa kwa sababu ya matendo yake ya zamani. Mwalimu anayesema hivyo aachwe siku hiyohiyo. Satya, ukweli, iko palepale katika yama, na ukweli wa kwanza ni kwamba kosa ni la aliyelitenda.

Waislamu na Wakristo wengi huuliza kama yoga si ibada ya dini nyingine. Swali ni la haki. Yoga Sutra ina kujitoa kwa Ishvara, Bwana, ndani ya niyama zake, yaani kanuni za mwenendo binafsi ambazo ni kiungo cha pili, na mizizi yake ni ya kidini. Yoga ya kiwewe iliyoendelezwa na David Emerson na wenzake huko Massachusetts iliondoa majina ya Kisanskriti, nyimbo na ubani, sababu kubwa ikiwa ni kumwondolea mnusurika shinikizo lolote. Hatua zilizoelezwa hapo juu hazina neno la ibada.

Nafasi yake kando ya tiba nyingine

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 uliweka mbele tiba za kisaikolojia zinazolenga kiwewe chenyewe. Eneo letu lina ushahidi wake. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali walitibiwa kwa tiba ya masimulizi na wenzao waliofunzwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mwaka 2013 yalifuata ya mashariki mwa Kongo, ambako, katika jaribio la vijiji 16, wanawake walionusurika ukatili wa kingono waliopewa tiba ya vikundi walipata nafuu kubwa. Yoga inakaa kando ya tiba hizo: inamsaidia mtu kuhimili kukaa kitini akisimulia. Dawa zisikatishwe kwa sababu ya mazoezi, na mwenye mawazo ya kujiua apelekwe hospitali leo, asingojee darasa.

Kuna mtu mmoja ambaye maelezo haya yote yanambadilikia: yule ambaye hatari yake haijaisha. Mwanamke anayerudi jioni kwa mume anayempiga hana kengele mbovu inayolia bila hatari. Mwili wake unasema kweli, na haifai kuunyamazisha kwa pumzi. Kwake usalama unatangulia, kwa ndugu wa kuaminika, dawati la jinsia la polisi au, kwa aliyeko Tanzania, kituo cha mkono kwa mkono, kinachohudumia waathirika wa ukatili mahali pamoja, kama kipo hospitali ya karibu. Mpaka hapo atakapokuwa mahali salama, kinachomfaa katika zoezi hili ni kutazama mlango uko wapi na kuzihisi nyayo zake.